Nondo Wangapi

Shuka bado lina mhuri wa wodi namba tatu,
bluu iliyofifia pembeni kama kovu la zamani.
Nalitundika kambani, kati ya mparachichi na banda la kuku,
naweka taa nyuma yake,
nakaa kwenye kigoda.
Miaka thelathini na moja ya zamu za usiku
haitoki mwilini kwa barua ya kustaafu.

Tukuyu, Desemba. Mvua imeacha saa mbili na nusu.
Ukungu unashuka kutoka Rungwe, unalowesha sweta.
Naandika kwenye kaunta buku:
Saa tatu. Baridi. Upepo hakuna.
Wameingia kumi na mmoja.

Naam, wameingia. Kama wagonjwa.

Baba Lusajo, fundi, alisikia kwa watoto
kwamba Mama Tusekile ana nondo nyuma ya nyumba.
Akaja na futi kamba mfukoni:
"Nondo ngapi? Za milimita kumi na mbili?"
Nikamwambia, "Sema wangapi."
Akatazama shuka, akanitazama mimi,
akakaa. Chai ikampolea mkononi
huku akimfuata kwa macho mmoja
mwenye manyoya shingoni kama koti la askofu.
"Huyu," alisema mwishowe, "habebi zege."

Majina yao siyajui. Kitabuni nimewapa ya kwangu:
Jivu la Jana. Karani. Kitenge Kilichochuja.
Yule mkubwa anayevuma kwenye maua ya tarumbeta
kama cherehani chumba cha pili
ni Daktari wa Zamu,
maana hatui, anapita tu.

Na huyu mdogo, asiye na lolote,
nilimwandika usiku hadi usiku bila kumfikiria:
Kahawia Tu, watatu.
Kahawia Tu, saba.
Kahawia Tu, ishirini na wawili.
Wiki tatu baadaye miche ya kabichi ililala chini,
imekatwa shingoni, safi, kama kwa wembe.
Nikafukua kwa kijiko: sota,
amejikunja, mnene, ana usingizi wa aliyeshiba.

Gwakisa, mjukuu, ana miaka tisa
na hasira ya mtu wa arobaini.
"Bibi, mwizi unamwashia taa?
Na jina unamwandikia?"

Nilitaka kumwambia kwamba wodini hatukuanza na
nani kampiga nani.
Aliyeingia aliandikwa: joto, mapigo, saa.
Sikusema. Nilimpa kijiko na kopo.
Tulifukua hadi jua likatuchoma visogo,
sota sitini na wanne, kuku wakala sikukuu mapema.
Kisha tukapanda upya,
kila mche na pete yake
ya kopo la maziwa lililokatwa.

Usiku huo umeme ulikatika.
Shuka likabaki kambani bila kazi.
Nilikaa tu, kalamu mkononi, nasikia
matone yakihama jani hadi jani kwenye migomba,
halafu kitu kikagusa shavu langu,
kikavu, kama unga,
kikaenda.

Asubuhi Gwakisa alisoma kitabu kwa sauti:
"Saa nne. Giza. Mmoja. Jina halijulikani."
Akaomba kalamu.
Chini yake, kwa mwandiko wa darasa la tatu,
unaopanda mlima kila mstari,
akaongeza:
Huenda ni mwizi.