Nukta Tatu

Kioo cha simu yangu ni upana wa viberiti viwili,
na ufa umepita katikati, toka Jumatatu mpaka Alkhamisi.
Humo ndimo nilimoyapanga masufuria yangu thelathini na mawili,
mabusati, viti, makawa, mabirika ya kunawia,
na wenye harusi wote wa mfunguo pili.

Mimi hukodisha. Ghala langu liko Langoni,
nyuma ya kinu cha Bwana Shee, mlango wa kijani,
na kila chombo nimekitia alama nyekundu kitakoni.
Chombo hakijawahi kunipotea.
Kilichonipotea ni jina.

Maana simu hii, jina likiwa refu, hulikata.
Huandika nusu, kisha huweka nukta tatu,
kama mtu aliyeanza kusema akaona haya.
*Harusi ya Mwana...*
Mwana nani? Lamu hii!
Kuna Mwanahamisi wa Shela, kuna Mwanahalima wa Matondoni,
wote Alkhamisi moja, wote pilau ya watu mia tatu.
Nikabonyeza, kidole kikafunika neno zima,
ikafunguka redio.
Nikasema, basi, Matondoni.
Punda wakapakiwa.

Saa tatu asubuhi shangazi wa Shela akapiga.
Mengine siyarudii. Alimalizia hivi:
"Mchele umeshaoshwa, Bi Mwanakheri.
Niupikie ndani ya kofia ya bwana harusi?"

Kijana wangu Lali alicheka hadi akakaa chini.
"Mama, si simu hiyo. Ni mato. Nunua miwani."
Miwani ninayo. Miwani hukuza kilichopo.
Nukta tatu zikikuzwa
huwa nukta tatu kubwa.

Ninachotaka, kwenye taarifa ya habari hukiita kishikwambi.
Dukani Mkunguni ukisema hivyo watakukodolea macho,
sema tableti.
Si ya sinema. Si ya kujipiga picha.
Nataka kitu cha kutia kwapani, upana wa chano kidogo,
nikifungue barazani kwa mteja, auone mwezi mzima,
miladi upande huu, mfunguo upande wa pili,
maana mteja husema "kumi na nne, mfunguo tatu,"
mwenye punda husema "Jumamosi ya mwisho wa mwezi,"
nami nimesimama kati yao nahesabu kwa vidole,
mkalimani asiyelipwa.

Elfu ishirini na mbili, bila kifuniko.
Ninazo tisa, ndani ya birika lisilokodishwa,
lile lenye mdomo uliovunjika.
Harusi huongeza, karo hupunguza.
Mwezi uliopita zilikuwa kumi na moja.

Juzi akapita binti wa zahanati, anahesabu watoto wa chanjo,
tableti ameikumbatia kifuani
kama mwanafunzi wa chuoni na juzuu yake.
Nikampa maji ya ndimu. Nikampa na kaimati.
Nikasema, mwanangu, niandike kitu kimoja tu.
Akatazama saa. "Haya, Mama, andika."

Sikuandika harusi ya mtu.
Niliandika: *Mwanakheri binti Athman Famau,
mkodishaji wa vyombo, Langoni, mlango wa kijani.*
Kwenye karatasi hii nimeikata mistari miwili.
Kule ilikaa kwenye mmoja,
yote, hakuna kilichoona haya,
na baada ya "kijani" pakabaki nafasi nyeupe,
upana wa vidole vinne.

"Umemaliza?"
Nikamwambia, ngoja kwanza.
Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa naitazama tu ile nafasi.

Akangoja, Mungu amjaalie, akangoja kidogo.
Kisha akafuta,
akaandika jina la mtoto wa jirani
na kilo zake.