Chenji ya Herufi Moja

Walikuja watatu karakanani kwangu, nyuma ya soko la Mbuyuni:
mwenyekiti, mhazini, na kijana wa kushika mwavuli.
Walikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa mbele na nyuma,
habari yote ya mfongo wa Nkomeshi kule Uru,
tangu usiku ule mlima ulipoteremka na kuufukia
hadi maji yaliporudi migombani.
Nikawaambia, wazee, mimi nachonga kwa hesabu.
Herufi moja elfu mbili. Tarakimu nusu bei.
Nukta natoa bure.

Mwenyekiti akashika kalamu kama mtu anayepogolea mibuni.
Akakata mvua. Akakata njaa ya miezi mitano,
akakata mbuzi aliyechinjwa pale maji yalipogoma,
akakata majina ya waliochimba, akabakiza SABA.
Chini kabisa, ukurasa wa mwisho,
alikuwapo Ndeshimuni binti Kirenga, mjane,
aliyepita ubavuni mwa korongo siku tatu gizani:
sikio ardhini, hatua kumi,
sikio ardhini, hatua kumi,
hadi akawaambia wenye majembe: Hapa.
Yako hapa, yananung'unika.

Jina lake herufi kumi. Elfu ishirini.
Mhazini akatikisa kichwa, bajeti imebana.
Halafu wakaongeza LIMEZINDULIWA NA DIWANI,
herufi ishirini na moja,
wala sikusikia mtu akikohoa.

Jiwe lilitoka mto Rau, jeusi, kaidi,
lilinimalizia patasi mbili.
Siku ya uzinduzi palikuwa na kreti nne za soda,
turubai la kukodi, na pazia la kitenge.
Pazia likavutwa. Mtoto wa darasa la pili,
aliyechaguliwa kwa kusoma vizuri, akasoma vizuri:
"Mfe-rei. Mferei wa Nkomeshi."
Akarudia, akidhani kosa ni lake.

J haikuwepo.

Mhazini alinifuata nyuma ya turubai
akadai chenji ya J.
Nikampa noti mbili za elfu.
Akaniandikia risiti.

Ulikosea, fundi? Watu huniuliza hadi leo.
Huwa nasema jua lilikuwa kali.
Huwa nasema patasi iliteleza,
ingawa patasi huteleza ikaacha mkwaruzo,
haitelezi ikaacha nafasi safi.
Siku nyingine naagiza chai tu.

Lakini nimepita pale konani, nimeona.
Bodaboda inapunguza mwendo, abiria anageuza shingo:
"Mferei ndiyo nini?"
Na ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya maparachichi,
Aikande anafuta mikono kwenye kanga.
Anaanzia kwenye herufi iliyokosekana
na kabla hujalipa umeshafika kwenye matope,
kwenye njaa, kwenye mbuzi, kwenye lile sikio.
Jina la bibi yake hulitaja mara mbili
kwa sababu ya kelele za malori.
Hatozi kitu. Maparachichi ndiyo hapunguzi.

Nilimpelekea J siku moja, nimeichonga kando,
kipande cha kubandika kwa saruji, hisani yangu.
Akakigeuza, akakipima uzito mkononi,
akakiweka juu ya magazeti ya kufungia yasipeperuke.
"Acha pengo," akasema.
"Jino likitoka, ulimi unakwenda wapi kwingine?"

Kisha akanionyesha mashina matatu ya masale
aliyoyapanda kwenye kitako cha jiwe bila kumwomba mtu,
kama kwao walivyopanda tangu zamani
pale mtu alipolala, pale shamba lilipoishia,
alama isiyo na herufi hata moja ya kulipia.

Mwaka huu mvua zimekuwa nzuri.
Diwani amebadilishwa mara mbili.
Masale yamepanda hadi mstari wa mwisho:
LIMEZINDULIWA NA,
halafu majani.