Kuhesabu Miguu

Saa kumi na nusu, kabla ya mwadhini wa mtaa wa pili,
naamka kwa ncha za vidole.
Sebule yetu haina sakafu leo.
Ina magodoro mawili, mkeka wa jirani, Mama Halkano,
na mito ya kochi iliyogeuka kitanda cha mtu mfupi.

Tumelala kumi,
ghorofa ya tatu, Kariobangi Kusini,
ambako mwenye nyumba aliandika katika mkataba: watu wanne.
Mkataba nao umelala humu, umejifunika gubigubi.

Nawasha simu, naziba mwanga kwa kiganja
hadi vidole vyangu vinakuwa vyekundu kama kaa.
Nyuso zote zimezama shukani.
Basi nahesabu miguu.

Huu wenye kovu la uji wa moto ni wa Vihenda, kifungua mimba wangu.
Huu unaopiga teke hata usingizini ni wa Ambani,
miaka minne, ambaye jana aliuliza mbele ya wote
kwa nini meno ya shangazi yanatoka.
"Nayafuga," shangazi akasema. "Usiku yanakunywa maji."

Hii minne myembamba, yenye wekundu wa njia ya kwetu
usiosikia sabuni,
ni ya wana wa dada yangu Kageha.
Walifika Ijumaa, wakipanda ngazi wameshikana mikono
kana kwamba wanavuka mto.
Hawajawahi kuona maji yakinunuliwa.
Mdogo wao, Kisia, aliunusa mtungi wa shilingi ishirini
akauliza kama yana sukari.

Hii ni ya binamu Minayo.
Mguu mmoja umepakwa rangi kucha zote,
wa pili kidole gumba tu:
hapo ndipo tokeni ya stima ilipoisha.

Jana mke wangu aliongeza maji kwenye mchuzi mara tatu.
Mara ya tatu alinitazama, nami nikatazama dirisha.
Mgeni ni baraka, naamini, nimelelewa hivyo,
lakini baraka nayo ina tumbo.
Tuliwaogesha watoto gizani, karai moja,
mmoja akaoshwa mara mbili, mwingine akaponea.
Tukacheka hadi jirani wa juu akagonga sakafu yake,
tukacheka tena, kwa kanga mdomoni.

Na hii, ukutani, imetoka nje ya blanketi.
Miguu ya shangazi Kadenyi.
Imevimba. Ndiyo iliyomleta: kesho daktari,
foleni, kadi iliyokunjwa mara nne ndani ya leso.
Nyayo zimepasuka kama mkate
tunaousahau kwenye tanuri.

Nilikuwa na miaka tisa alipokuwa na chumba kimoja Makongeni,
pazia katikati, stovu chini ya kitanda.
Nilikuja likizo ya wiki mbili.
Nikakaa miaka sita.
Hakuna siku aliyoniuliza nitarudi lini.
Ila usiku mmoja, ng'ambo ya pazia,
nilimsikia akihesabu sarafu za kopo,
akifika mwisho, akianza upya,
akifika mwisho, akianza upya.
Asubuhi kikombe changu kilikuwa na maziwa.

Kumi na moja.
Narudia kutoka mlangoni. Kumi na moja.
Watu sita, na mguu mmoja sina.
Nachuchumaa, nainua pembe ya blanketi:
ni wa Ambani, ameuchomeka chini ya kisigino cha shangazi,
anapoota joto.

"Nenda kazini, Asava," sauti inasema, macho yamefumba.
Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita jina hilo.
"Wote wapo. Nimeshahesabu."

Navuta komeo polepole, viatu mkononi.
Kwenye ngazi, karibu na bomba lililokauka tangu Alhamisi,
naketi nivae.
Soksi moja ni yangu.
Ya pili inaishia katikati ya wayo,
na ina sungura.