Jibu la Swali la Tatu

Mmeniuliza mnada wa jina la mtandaoni
ukae wazi kwa muda gani,
mkanipa kisanduku cha tarakimu mbili.
Hakinitoshi. Naandika nyuma ya risiti ya unga.

Jina lilikuwa boflo.
Boflo, nukta, na herufi za nchi.
Alilisajili marehemu kaka yangu Kilua
mwaka tuliponunua tanuri la pili,
akalilipia kila mwaka bila kutuambia,
kama mtu amlipiaye yatima ada.
Alipokufa, ankara zilimfuata yeye
kwenye barua pepe ambayo nywila yake hakuna aijuaye.
Jina likakosa mwenyewe. Likapelekwa mnadani.

Siku kumi, mkasema.

Mimi mnada naujua. Nimekulia Tanga,
nimetumwa soko la Deep Sea na ndoo
tangu nikiwa kibogoyo wa meno ya mbele.
Dalali Mgaza anainua changu kwa mkia:
elfu nane, tisa, tisa na mia tano, haya,
na kabla hujameza mate samaki ana mwenyewe.
Hakuna anayemuuliza haraka ya nini.
Barafu inayeyuka, nzi wamefika,
samaki ndiye anayefunga mnada.

Lakini jina halinuki.
Liache juani siku kumi, siku mia,
halivimbi tumbo, macho hayaingii ndani.
Ndiyo maana lahitaji mtu wa kusema basi,
na mtu huyo, kumbe, ilikuwa saa ya ukutani
katika nchi ambayo sijui asubuhi wanakunywa nini.

Siku ya kwanza niliweka dola ishirini.
Ya pili, ya tatu, ya nne, niko peke yangu.
Nikaanza kuwaambia wateja.
Hilo ndilo kosa la siku kumi:
zinakuachia nafasi ya kufurahi.
Siku ya saba umeme ukakatika Ngamiani
kuanzia barabara ya tisa, ukarudi kesho yake;
nikasema, ungekuwa mnada wa saa moja ningeshakosa.
Hilo ndilo jema lake.
Nayaandika yote mawili msije mkadhani nina kinyongo.

Siku ya kumi, saa tisa usiku kwetu,
zimebaki sekunde sita,
akatokea mtu asiye na jina, ana namba:
mia nne arobaini na saba.
Dola moja juu yangu.
Mkaongeza dakika tano. Nikapanda. Akapanda.
Dakika tano. Dakika tano.
Mlango unafungwa kwa ncha ya kidole,
kila ukikaribia kubana mtu anaweka unyayo.
Mji wetu husifika, waja leo waondoka leo;
mnada ule ulikuja ukagoma kuondoka.

Unga wa asubuhi nilikuwa nimeshaukanda.
Unga una saa yake, hauombi nyongeza.
Ukiuharakisha, mkate unatoka jiwe;
ukiuchelewesha, unaumuka, unajisahau,
unaporomoka katikati na kunuka pombe.
Mara ya kumi na tisa niliisikia harufu ile,
nikatazama simu, nikatazama beseni,
vidole vyeupe, kioo hakinitambui.

Nikaingiza mikate tanurini.

Leo ukiandika boflo unakuta ukurasa mtupu
na bei: dola elfu mbili na mia nne.
Hakuna mkate.
Mia nne arobaini na saba hakuwa na njaa.
Watu wa barabara ya kumi na mbili bado wanagonga dirisha
saa kumi na moja na nusu, wanasema nipe mbili,
wala hawataji mbili za nini.

Haya, kisanduku chenu. Andikeni tatu.
Siku ya kwanza watu wasikie,
ya pili watafute hela,
ya tatu wabishane, saa ambayo huku na huko
hakuna anayepigana na usingizi.
Na nyongeza zisizidi tatu, kama za Mgaza:
moja, mbili, haya.
Kisha fungeni,
hata kama anayelia ni mimi.

Swali la nne, kama ningependa kushiriki tena,
nimeliacha wazi.