Lori Lisilopiga Honi

Saa nzima na nusu tulicheka, pale Pasua,
kwenye banda la mabati, benchi moja, karanga za mia mbili.
Kijana kampenda muuza keki:
kavaa viatu visivyofanana, kaangukia kwenye unga,
mama mkwe kamtimua na mwiko.
Anansia akanifinya: "Huyu si wewe huyu?"

Ndipo, harusi imebakiza dakika tano,
lori.

Hakuna aliyelia. Mtu alisonya.
Mwenye banda akawasha taa
kama anayedaiwa, akikwepa macho.

Kifo tunakijua sisi. Jumamosi tulizika Kibosho,
udongo wa kaburi bado uko kwenye soli zake.
Alilipa mia tano akipe kisogo, basi,
kwa jioni moja.

Karibu na reli akasimama ghafla:
"Kama lilikuwepo, mbona halikupiga honi tangu mwanzo?"

Nilikosa jibu. Manyunyu yakaanza.
Hatua kadhaa mbele akasema, taratibu,
kama anayeshona upindo uliofumuka:
"Kavunjika mguu tu. Yuko KCMC, wodi ya mifupa.
Kesho nampikia mtori."

Chupa, nikamwambia, nitabeba mimi.