Mlinzi wa Chumba cha Nne

Kazi yangu ni kiti.
Kiti cha plastiki, pembeni, chumba cha nne,
na redio ndogo kiunoni inayokoroma kama paka.
Nimeajiriwa kusema neno moja, tafadhali,
na kuuinua mkono nusu
kabla kidole cha mgeni hakijagusa kitu.

Nje ni Dundee, Desemba, saa kumi kasoro,
jua limeshajiuzulu.
Ndani, mkate una tarakimu za simu.
Koti la mzee limetundikwa, linadondosha maji
tone kwa tone katika kiatu cha mtoto;
kila Jumatatu fundi huja na ndoo, kwa heshima,
kulinywesha koti.

Ukutani wameandika kwamba miaka mia iliyopita
watu fulani, wametoka vitani, waliichoka akili
wakaukabidhi usingizi kalamu,
na vijana hawa wa leo ni wajukuu wa usingizi ule.
Nimeyasoma hayo mpaka herufi zimenizoea.

Siku ya kwanza Bwana Kerr alinieleza polepole,
kama anayemwandaa mgonjwa:
"Usishtuke, Bi Mwanatumu.
Humu vitu havina maana ya kawaida."
Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia
tulilala watoto sita kitanda kimoja, kambini,
na chemli haikuzimwa mpaka mmoja atege:
nyumba yangu haina mlango.
Tuliingia humo bila hodi,
tukatoka na ute wa yai vidoleni.

Katikati ya chumba kipo kitanda.
Cha chuma, cha hospitali. Kimeota nywele.
Zinamwagika hadi sakafuni, rangi ya chai ya maziwa,
na aliyekitengeneza, Isla Geddes, miaka ishirini na saba,
anasema ni juti, ni bibi zake wa viwandani
ambao mashine ziliwaziba masikio
wakajifunza kusengenya kwa mikono.

Ni kweli. Lakini pua yangu ina habari nyingine.
Katika singa zile amechanganya mkonge.
Sijui kama anajua. Labda muuzaji hakumwambia.
Ile harufu ya korona asubuhi, majani yakikwanguliwa,
maji ya kijani yakiwasha miguu,
na baba anarudi, viganja vimejaa miiba,
mama anaitoa kwa sindano, mmoja mmoja,
kama anayeshona mtu kinyumenyume.

Jana mtoto wa shule, meno mawili ya mbele hana,
alisimama mbele yangu, si mbele ya kitanda.
"Kinaota kweli?"
Nikasema: kikinyolewa.
Akafikiri sana.
"Basi wewe ndiye unayekinyoa usiku."
Nikakubali. Miaka kumi na minane nchi hii
sijapewa cheo kizuri kama hicho.
Mwalimu akamvuta kwa kofia.

Saa kumi na moja, funguo.
Bwana Kerr anaanza kuzima taa kutoka chumba cha kwanza.
Anatembea taratibu, goti linamsumbua,
kwa hiyo ninazo dakika mbili, mbili na nusu.
Tafadhali, najiambia,
mkono nusu hewani.

Nyuma ya mguu wa kushoto, pale kamera haifiki,
upo msuko mmoja wa mikia mitatu.
Katalogi haina habari nao.
Unarefuka kidogo kila jioni.

Kwenye basi, ghorofani, kioo kimejaa pumzi za watu,
natega kimya kimya, hakuna wa kuitikia:
tulilala sita kitandani;
kumekucha, niko peke yangu
na kitanda kimeota mvi.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji.
Siyo huu.
Huu nilishapewa.