Kibao Namba 417

Januari, Pernik. Theluji imeingia masizi
kabla haijafika chini.
Katika ukumbi walimolipiwa mishahara wachimba makaa
nimepanga meza tatu na waya mmoja wa umeme.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa:
pakua, bofya, kubali, kubali, maliza.
Wanafunzi watatu, lugha moja ya kuamuru mashine.
Sikujua kwamba lugha ni moja
lakini kila nyumba ina hodi yake.

Rositsa, mshona mashati, ameazima kwa mpwawe
kompyuta nyeupe yenye tufaha lililong'atwa.
Inamhoji kama mlinzi wa benki:
aliyetengeneza programu hii hatumjui.
"Hata aliyetengeneza sindano yangu simjui," anasema,
"na nimeshonea miaka ishirini na sita."
Tunaingia kwenye mipangilio, tunashuka, tunashuka,
hadi kwenye kitufe kidogo: fungua hata hivyo.

Asparuh ni kijana, hataki kusaidiwa.
Kisanduku chake cha kijivu kinaendeshwa na Linux,
na lugha ilikwishakuwamo, toleo kuukuu.
"La nini hili?" Akalifuta
kwa amri moja na nywila ya mkuu wa mashine,
bila kusoma maandishi yaliyomiminika.
Likaondoka. Likaondoka na menyu,
likaondoka na saa ya pembeni na picha ya mbwa wake,
kikabaki kiwambo cheusi na kistari kinachopepesa
kama jicho la mtu asiyeamini.

Zdravko akacheka hadi akakohoa, kile kikohozi cha shimoni.
"Gogo likiwa kuukuu, kwanza uliza limebeba nini.
Sisi tuliweka jipya kando yake.
La zamani tuliliacha na dari lake."
Kwenye mwongozo wangu hilo halimo.

Lakini ya Zdravko ndiyo iliyonitoa jasho.
Windows, ya bintiye aliyehamia Valencia,
bado ina vibandiko vya paka.
Tumesakinisha. Imesema: umefaulu.
Anaandika jina la programu, herufi moja moja,
kwa kidole kilichobonyeza kengele ya lifti miaka thelathini,
na mashine inajibu: amri haitambuliki.
Tena. Haitambuliki.
"Si umesema imo?"
"Imo."
"Sasa mbona haimo?"

Penye nia pana njia, husemwa.
Hapa nia ilikuwapo tangu saa mbili asubuhi,
njia ndiyo haikuwapo:
kijisanduku cha kutia tiki, chini kabisa ya dirisha la kwanza,
nilikipita. Mimi, mwalimu.

Nikamweleza: mashine ina orodha ya mahali pa kutafuta.
Kisichokuwa mahali palipoorodheshwa hakitafutwi,
hata kiwe kimekaa chumba cha pili.

Akanyamaza. Akatazama ukutani,
misumari mitupu safu kwa safu
palipotundikwa vibao vya shaba, kila mchimbaji na namba yake.
"Asiyetundika kibao," akasema, "kwa hesabu yao hakushuka.
Hakuna wa kumtafuta."
Kisha, polepole: "Ognyan alikuwa na haraka siku ile."
Hakuna aliyemuuliza siku gani.

Tukaifungua orodha. Nikaongeza mstari mmoja,
akausoma kwa sauti, folda ndani ya folda,
kama mtu anayehesabu ngazi gizani.
Tukalifunga dirisha jeusi, tukalifungua upya,
maana lililokuwa wazi halisikii habari mpya.
Akaandika tena.
Ikatokea mishale mitatu midogo
inayongoja aseme chochote.

Nilimwambia achape salamu. Akachapa 417.
Mashine ikamrudishia: 417.
Aliitazama muda mrefu.

Saa kumi, giza. Rositsa amefikia asilimia themanini na tatu.
Asparuh anasakinisha mfumo wote upya, kimya,
kutoka kwenye flashi yangu.
Na pembeni mwa kiwambo cha Zdravko kumechomoza kijitangazo cha bluu:
toleo jipya lipo tayari, anzisha upya sasa?
Ananitazama.
"Gogo jipya," namwambia. "Bonyeza baadaye."